Nilivyopoteza milioni sita kwa albamu ambayo sikuisikiliza kwanza

Naandika hii kwa mtu yeyote ambaye sa hivi amekaa na akiba yake anafikiria kumleta msanii mkoani azindue albamu, hasa kama ni msanii wa kitambo na wewe mwenyewe ulikuwa shabiki wake. Mi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, mwaka wa kumi na moja huu. Sijawahi kuwa promota, lakini mwaka juzi niliingia huko mzimamzima nikatoka nimepungukiwa milioni sita na elfu arobaini. Jina la msanii silitaji na naomba msiniulize inbox, maana alikosea kama mimi nilivyokosea na bado anatafuta riziki kwa sauti yake.

Kwanza mjue nilivyompenda. 2004 nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Nyimbo zake zilikuwa zinapigwa Radio Free Africa, na ukimsikia tu anaanza, bweni zima linanyamaza. Kaseti yake tulichanga wasichana sita, tukawa tunapokezana kwa zamu mpaka utepe ukaanza kujinyonga, tunautoa tunauzungusha na kalamu ya Bic, tunarudisha, tunaendelea. Alikuwa anaimba visa. Kuna wimbo wa kijana aliyeenda mjini kutafuta maisha, akawa anaahidi kila mwaka atarudi, siku aliyorudi akakuta mama yake ameshazikwa miezi miwili. Mama yangu alipofariki 2009 na mimi nilikuwa mbali, ule wimbo ndio nilikuwa nausikiliza usiku. Kwahiyo mtu akinitajia huyo msanii hanitajii staa tu, ananitajia maisha yangu.

Sasa mdogo wangu wa kiume anafanya kazi ya kukodisha mziki kwenye sherehe, ndiye aliyepata namba ya menija wake. Menija akasema jamaa anarudi na albamu, nyimbo 17, baada ya ukimya wa miaka mingi, wanatafuta watu wa kushirikiana nao mikoani na Kanda ya Ziwa wanataka waanzie Mwanza. Akanitumia kipande cha sekunde kama 30 kwenye WhatsApp. Sauti ile ile! Nilikuwa nimekaa juu ya magunia, nililia kwakweli, wenzangu wakadhani nimepata msiba.

Nikamuuliza menija, kaka angu naweza kuisikiliza albamu yote? Akasema haiwezi kutoka nje ya studio, itavuja, lakini nimuamini, ni moto. Nikakubali hapo hapo.

Niwaambie kitu kuhusu kazi yangu mtaelewa kwanini hiyo inaniuma. Gunia la dagaa huwa silinunui kwa kuangalia juu. Juu watakuwekea wale weupe wanaong'aa, wamekauka vizuri kwenye chanja. Mimi natumbukiza mkono mpaka kwenye bega, nachota wa chini kabisa, naweka mdomoni natafuna pole pole. Kama walianikwa chini kwenye mchanga utasikia kwenye meno, kama walinyeshewa utasikia uchungu kwenye ulimi, na hata muuzaji awe shemeji yangu, nikisikia mchanga bei inashuka au naondoka. Nimefanya hivyo kila siku miaka yote hii. Alafu nikatoa hela ya magunia na magunia kwa sekunde 30 za juu.

Makubaliano yalikuwa milioni 4 ya msanii, milioni mbili na nusu kwanza na iliyobaki kabla hajapanda jukwaani, na mimi ndio nalipa ndege ya watu watatu kutoka Dar kuja na kurudi, na hoteli siku mbili. Akiba yangu ilikuwa milioni 3.6. Binamu yangu wa Geita akanikopesha milioni moja na nusu. Zikabaki milioni tatu, nikaenda kuzikopa kwenye kikoba chetu, tuko wanawake 24, riba asilimia 10 unarudisha ndani ya miezi mitatu. Hapo ndio nilifanya kitu ambacho mpaka leo kinaniuma kuliko hela yenyewe. Niliwaambia nakwenda Ukerewe kununua mzigo. Niliogopa wakijua ni mambo ya mziki watanikatalia, na kweli wangenikatalia, na wangekuwa sahihi.

Upande wa vibali nao nilipoteza muda. Ukumbi niliopata uko upande wa Kirumba, mi nikaenda ofisi za Jiji nikapanga foleni asubuhi nzima, kufika dirishani naambiwa mama, Kirumba ni Manispaa ya Ilemela, nenda kule. Nimezaliwa hapa na nilikuwa nachukulia Mwanza yote ni Jiji! Kwahiyo kabla hujafanya lolote jua ukumbi wako uko Nyamagana, ambayo ndio Jiji, au uko Ilemela, maana afisa utamaduni ni wa halmashauri husika. Alafu kuna BASATA, yani Baraza la Sanaa la Taifa, hao ndio wanasajili wasanii na waandaaji, na kuna polisi kwa ajili ya usalama. Mwenye ukumbi muulize mapema kama ana leseni ya hakimiliki ya kupiga mziki kwenye eneo lake, usije ukaulizwa wewe siku yenyewe watu wako mlangoni. Ukianza wiki mbili kabla kama mimi utakimbizana na bodaboda kila siku, anza miezi miwili kabla.

Kitu kimoja nilikipanga vizuri ni tarehe. Nilichagua Jumamosi ya mbalamwezi, maana dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika na wavuvi wanarudi mjini na hela mfukoni. Kama unaandaa kitu huku ziwani na hujaangalia mwezi, nusu ya wateja wako wako kwenye maji.

Tiketi nilichapisha 400, kawaida elfu 10 na VIP elfu 30. Mpaka Ijumaa zilikuwa zimeuzwa 60 tu. Kila mtu akawa ananiambia Mwanza watu hawanunui mapema, wanalipia mlangoni, na mi nikajipa moyo hivyo hivyo. Leo nasema Ijumaa ile ningepiga simu nikaahirisha, ningepoteza kama nusu ya nilichopoteza. Mwanza watu wananunua mapema kitu wanachokitaka, nimewaona kwenye mechi za Kirumba.

Jumamosi saa kumi jioni wakaja kujaribu mziki ukumbini. Msanii ni mtu mpole sana, kanisalimia kwa mikono miwili, kaniita dada angu, kaniulizia familia. Amenenepa kidogo, ameanza mvi. Nikakaa kwenye kiti cha mbele peke yangu, ukumbi mtupu, fundi akaanza kupiga albamu kuanzia wimbo wa kwanza, na hiyo ndio ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia.

Wimbo wa kwanza ulikuwa ule wa kipande nilichotumiwa. Zile sekunde 30 ndio zilikuwa nzuri, zikiisha linaingia besi zito la amapiano na sauti yake inapitishwa kwenye mashine mpaka inatetemeka kama ya roboti, huwezi kujua ni yeye au mwingine. Nikasema labda ni huu mmoja. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu kaimba na kijana mmoja wa sasa hivi, kijana ndio ana ubeti mrefu, yeye kapewa kiitikio cha maneno manne. Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Kati ya nyimbo 17, tisa ana mtu pembeni, na kwenye hizo tisa karibu zote ni kama yeye ndio mgeni. Nyingi hazifiki dakika mbili na nusu. Maneno ni pombe, hela, kiuno, wanaonichukia watajua. Mtu aliyeimba mama kazikwa miezi miwili! Nilikuwa nasubiri kisa hata kimoja, cha mtu yeyote, hata cha mbuzi aliyepotea, sikupata.

Baadaye nilikuja kuelewa kidogo kwanini zinakuwa hivyo. Zamani albamu ilikuwa kaseti, nyimbo nane mpaka kumi, upande A na upande B, mtu akishanunua kanunua, msanii alikuwa na nafasi ya kuanza taratibu. Sa hivi hela iko kwenye kusikilizwa mtandaoni. Spotify kwa mfano, ambayo Tanzania imefika 2021, wimbo unahesabiwa ukishafika sekunde 30, kwahiyo wengi wanakimbilia kukushika hapo mwanzoni, wanafupisha, wanajaza nyimbo nyingi na wanaita wasanii wengine ili waje na mashabiki wao. Sisemi ni vibaya, na sina shida na amapiano, vijana wangu wa kubeba magunia wanaicheza siku nzima na mimi natikisa kichwa. Ila ule ni mziki wa kucheza uliotoka Afrika Kusini na una watu wake wanaoujua. Huyu alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine alikuwa nacho, akakiacha nyumbani akaenda kuazima cha wenzake.

Nilijua saa kumi na moja ile ile kwamba tumeumia. Na sikusema. Alikuja akaniuliza, dada angu umeionaje? Nikamwambia nzuri, hongera.

Usiku walikuja watu 164, tiketi za kawaida 143 na VIP 21. Kwenye ukumbi wa watu 400 ni kama hakuna watu, viti vyeupe vinang'aa nyuma kwenye taa. Lakini waliokuja walikuwa watu wa rika langu, wamevaa wamependeza, kina mama wamesuka, kuna mzee mmoja alikuja na kaseti yenyewe ameiweka kwenye mfuko wa shati ili asainiwe. Alipopanda jukwaani walisimama wote! Nikasema Mungu yupo.

Wimbo wa kwanza walishangilia, wa pili wakapiga makofi, kufika wa nne nikaanza kuona simu zinawaka moja moja. Kulikuwa na mama mmoja mstari wa tatu, amevaa kitenge cha bluu, nilikuwa namuangalia yeye sana maana alikuwa anaimba kwa mdomo hata kabla msanii hajafungua mdomo, yani alikuwa anaimba zile za zamani peke yake akisubiri. Wimbo wa sita akaacha. Wa saba akachukua pochi yake kutoka chini akaiweka mapajani. Wa tisa akainuka na mume wake wakatoka pole pole kwa ukuta, wamejiinamia kama watu wanaotoka msibani. Hakuna aliyezomea wala aliyerusha chupa, bora hata wangezomea.

Wengine wakawa wanaomba, piga ile ya mama! piga ya mama! Yeye akamuangalia menija pembeni, menija akatikisa kichwa, na kwenye maiki akasema leo ni usiku wa albamu mpya. Alisema hivyo mara tatu. Mara ya tatu nilisikia sauti yake inapungua.

Saa sita kasoro wamebaki watu kama 40. Albamu imeisha, fundi anakunja nyaya. Msanii akabaki amekaa kwenye ukingo wa jukwaa, miguu inaning'inia, akaomba maiki moja iwashwe, akaimba ile ya mama, bila biti wala mashine. Sauti imeshuka, zile za juu hazifiki tena, pale kwenye neno "nimefika" alikuwa anapanda zamani sa hivi anashuka nalo, na nawaambia ukweli ilikuwa nzuri kuliko ya kwenye kaseti. Yule mzee mwenye kaseti alikuwa anafuta macho kwa kofia. Nikawa nalia na mimi, kwa wimbo na kwa hela vyote pamoja.

Hesabu iko hivi. Msanii milioni 4, ndege 1,350,000, hoteli 480,000, ukumbi 700,000, mziki na taa 650,000 na hapo ni bei ya udugu, matangazo ya redio na gari la spika 520,000, mabango na tiketi 180,000, vibali na walinzi 220,000. Jumla milioni 8 na laki moja. Mlangoni ilipatikana 2,060,000. Vinywaji vilikuwa vya mwenye ukumbi, kitu ambacho na chenyewe nilikubali bila kufikiria, wakati wenye uzoefu waliniambia baadaye kwamba ukumbi mdogo faida iko baa, sio mlangoni.

Asubuhi niliwapeleka uwanja wa ndege mwenyewe na gari ya mdogo wangu. Menija alikaa nyuma na simu yake. Tulipopita Pasiansi msanii akaniuliza tena, kwa sauti ya chini, dada angu niambie ukweli jana imekuwaje. Nikasema sina tena cha kupoteza, nikamwambia yote, kwamba albamu haina wewe ndani yake, watu walikufuata wewe na hukuja, umekuja saa sita wameshaondoka. Alinyamaza mpaka tunafika geti. Alafu akasema, sasa mbona jana jioni nilivyokuuliza hukuniambia? Ningebadilisha.

Hilo swali sikuwa na jibu lake. Akaniambia miaka miwili amekaa studio na kila anayeingia anasema moto, prodyuza anasema moto, vijana wanasema moto, yeye mwenyewe alikuwa na wasiwasi ila ataanzaje kubisha peke yake. Na mimi shabiki wake wa tangu bwenini nilipewa nafasi, nikasema nzuri, hongera.

Kwenye kikoba nilienda Jumatano. Nilikuwa nimepanga kuwaambia mzigo umenyeshewa, na ilikuwa msimu wa mvua wangeamini kabisa. Nilipofika mlangoni nikashindwa, nikawaambia kila kitu nimesimama. Mwenyekiti wetu ni mama mtu mzima, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, mwanangu hela tutakungoja, uongo huo usiurudie. Waliniongezea miezi mitatu bila riba mpya ila wakanitoa kwenye uweka hazina, na sikuwalaumu. Nilimaliza mwezi wa sita. Binamu nilimmaliza baada ya mwaka. Kuna miezi nilikuwa nanunua gunia moja moja wakati wenzangu wanajaza fuso za kwenda mpaka Congo, inauma kuangalia.

Wanaoniuliza kama nitarudia nawaambia ndiyo, ila kwa utaratibu mwingine. Albamu naisikiliza yote, na sisikilizi peke yangu, nawaita watu watatu ambao hawakuwahi kumpenda huyo msanii, nawaangalia usoni wimbo wa tano na kuendelea. Kama menija anaogopa kuvuja basi nitasafiri mpaka Dar niisikilize studio kwao, nauli ya basi ni ndogo kuliko milioni 6. Kwenye mkataba naandika nyimbo za zamani atakazoimba, kwa majina, angalau nusu ya shoo. Malipo nagawa mara tatu na sehemu ya mwisho inatoka baada ya kushuka jukwaani. Ukumbi naanza na wa watu 150. Na hela ya kukopa siingizi humo hata shilingi, hasa ya kikoba, ile ni ada za shule za watoto wa watu.

Mwezi uliopita nilikuwa naanika, saa moja asubuhi, simu ikaita WhatsApp, ni yeye na namba mpya. Ametuma nyimbo mbili, gitaa na sauti tu, na ujumbe mfupi, dada angu sikiliza uniambie, safari hii usinifiche. Niliziweka kwenye spika ndogo juu ya chanja nikaendelea kugeuza dagaa. Ya kwanza ni kisa cha baba anayemfundisha mwanae kuendesha baiskeli ya kukodi, niliirudia mara tano mpaka vijana wa magunia wakaanza kuitikia. Ya pili nilimwambia aitoe, ubeti wa pili umekopi wa kwanza. Akajibu, hata mimi nilikuwa nahisi hivyo, naiandika upya.